Tusidanganywe na Mvua ya Kwanza

Mwezi huu twataka kusema nanyi habari ya jambo lililo juu ya vichwa vyetu kila siku, nalo ni mvua. Sisi tukaao katika milima ya Usambara tu watu wa jembe, wala hatuna jambo tulizungumzalo zaidi ya hilo. Watu wakutanapo njiani, wakiisha kusalimiana, huulizana habari ya mvua. Na baada ya ibada ya Jumapili wazee husimama nje ya kanisa wakiyatazama mawingu kabla ya kutawanyika. Walakini twazungumza sana na kuandika kidogo. Na mtu azungumzaye pasipo kuandika, kumbukumbu yake humgeuka asijue.

Tuanze na jambo tulilolishuhudia. Katika kijiji kimoja cha milimani, mwaka mmoja, mvua kubwa ilinyesha jioni moja mwanzoni mwa Oktoba. Kumbikumbi wakaruka, watoto wakawakimbilia na vikapu, na kila mtu akasema, "Vuli imekuja." Asubuhi yake nyumba moja ya Kikristo, watu wenye bidii sana, wakashusha mbegu yote ya maharage waliyoiweka darini juu ya moshi wa jikoni, wakaipanda yote kwa siku mbili. Majirani walipoona hivyo wakaona haya kubaki nyuma, nao wakapanda. Mbegu zikaota vizuri, mashamba yakapendeza. Kisha mbingu zikafunga. Siku kumi zikapita, siku ishirini zikapita, miche ikanyauka, ikakauka. Mvua iliporudi, Novemba ilikuwa imekwisha kuingia, na nyumba ile haikuwa na mbegu hata kibaba. Ikawapasa kukopa debe moja kwa ahadi ya kurudisha mawili.

Hiyo ilikuwa hasara ya kwanza. Ya pili ilikuwa mbaya kuliko hiyo. Katika zile siku za jua, maneno yalianza kunong'onwa juu ya mjane mmoja mzee akaaye peke yake ukingoni mwa kijiji. Ilisemwa kwamba ameonekana alfajiri chemchemini akiwa na chungu, na kwamba ameifunga mvua. Waliosema hivyo si wapagani tu. Wengine walikuwa wamebatizwa, na mmoja wao huimba kanisani. Watu wakaacha kumsalimu yule mama. Wajukuu wake wakafukuzwa katika michezo ya wenzao. Nasi twakiri kwa aibu kwamba tuliyasikia hayo na hatukusema neno upesi kama ilivyotupasa.

Aliyetuokoa katika dhambi hiyo alikuwa mwalimu wa shule, kijana mpole, ambaye kwa miaka minne alikuwa ameandika mvua katika daftari, siku kwa siku. Akawaomba wazee waitishe baraza, akalifungua daftari lake mbele ya watu wote. Akawaonyesha kwanza ya kuwa katika miaka ile minne, miwili mvua ya kwanza ya Oktoba ilifuatwa na jua la majuma mawili au zaidi. Basi jambo lililotokea halikuwa geni. Kisha akasema kwamba amewauliza walimu wenzake wa vijiji vya ng'ambo ya mlima, hata wa Korogwe kule bondeni, nao wote wamejibu kwamba kwao pia jua ni lile lile. "Je, wazee wangu," akauliza, "bibi yetu huyu ana mkono mrefu kiasi gani, hata aizuie mvua ya nchi yote mpaka Korogwe? Na shamba lake mwenyewe, mbona limekauka kama yetu?" Watu wakacheka, kisha wakanyamaza. Mzee mmoja wa kanisa akaondoka katika baraza, akaenda moja kwa moja mpaka nyumbani kwa yule mjane, akamsalimu na kumwomba radhi.

Ndugu, daftari lile lilikuwa la kurasa za shule, lenye madoa ya matope. Walakini lingalisomwa mapema, lingaliokoa mbegu; na liliposomwa kwa kuchelewa, likaokoa jina la mtu. Ndiyo sababu twataka kila nyumba, na kila shule, iwe na daftari kama hilo.

Kwanza yafaa tufahamu mvua yetu yatoka wapi. Jua halikai mahali pamoja mwaka mzima. Hapa kwetu Usambara hupita juu kabisa ya vichwa vyetu mara mbili: karibu na tarehe 8 Machi likielekea kaskazini, na tena karibu na tarehe 5 Oktoba likirudi kusini. Walimu waweza kuwaonyesha watoto jambo hili kwa mti ulionyooka, uliosimikwa wima uwanjani: siku hizo, baada ya saa sita mchana kupita kidogo, kivuli cha mti hutoweka kabisa chini yake. Mahali jua lipitapo, hewa hupata joto na kupanda, na pepo za kaskazini na za kusini hukutana hapo, zikileta unyevu wa bahari. Mvua hulifuata jua nyuma, kama mtumishi amfuataye bwana wake kwa mbali. Ndipo tukapata mvua mbili kwa mwaka: masika, tangu Machi hata Mei, na vuli, tangu Oktoba hata Desemba.

Baada ya masika upepo wa kusi hushika nguvu, nao huleta kipupwe, yaani miezi ya Juni, Julai na Agosti. Hapo milima yetu hujifunika ukungu, watoto huja shuleni wakitetemeka, na manyunyu huanguka asubuhi katika miteremko iliyoelekea bahari. Mvua ndogo za miezi hiyo watu wa pwani waziita mchoo. Haziotoshi shamba la mahindi, walakini hulinda mboga za mabondeni. Tena ni majira ya kuwa na hadhari na viazi, kwa maana baridi na unyevu vikikaa pamoja, ugonjwa wa majani huja upesi. Na baada ya vuli huja upepo wa kaskazi pamoja na kiangazi cha Januari na Februari, wakati vumbi huruka njiani na vijito hupungua.

Hayo ndiyo mafundisho ya mwaka, walakini mlima nao una neno lake. Hewa ya bahari ikigonga mlima hupanda. Na kila ipandapo mita 1,000 hupungua joto kadiri ya digrii 6, na hewa iliyopoa haiwezi kuuchukua unyevu wake wote. Huumwaga. Kwa hiyo Amani, iliyo katika Usambara ya mashariki, ambako Wajerumani walianzisha kituo cha uchunguzi wa mimea na kilimo mwaka 1902, hupata kwa kawaida zaidi ya milimita 1,800 kwa mwaka. Lushoto, iliyo ndani zaidi upande wa magharibi, hupata kadiri ya milimita 1,000. Nawe ukishuka kwa njia ya mizunguko mpaka Mombo, na kuendelea katika bonde la Mkomazi, waona mkonge na miiba, maana hewa ifikapo huko imekwisha kumwaga maji yake milimani. Safari ya asubuhi moja, na nchi ni nyingine. Basi mtu wa Bumbuli asimfuate mtu wa Mombo katika kupanda, wala mtu wa Mombo asimfuate mtu wa Bumbuli.

Na katika jambo hili twataka kuwaonya walimu wetu wa Jumapili. Katika Injili ya Luka, sura ya 12, Bwana Yesu awataja watu waonao wingu upande wa magharibi wakajua mvua yaja, na wasikiao upepo wa kusini wakajua joto laja. Tumewasikia watoto wakiambiwa wazitazame ishara zizo hizo hapa kwetu. Walakini katika nchi ile bahari iko magharibi, na jangwa liko kusini. Kwetu bahari iko mashariki, na upepo wa kusi ndio uletao ukungu na baridi. Maneno ya Bwana ni kweli kwa wale aliosema nao. Nasi, tukitaka kuyatii, yatupasa tuzijue ishara za nchi yetu wenyewe. Tena lawama yake haikuwa kwa kuzijua ishara za mbingu, bali kwa kuzijua hizo na kutoyatambua majira ya Mungu.

Wazee wetu nao wana ishara zao: kumbikumbi wakiruka, vyura wakilia, duara kuuzunguka mwezi, upepo ukibadili upande. Tusizidharau, kwa maana nyingi zilitoka katika macho yaliyotazama kwa miaka mingi. Walakini ishara hupimwa kama mizani ipimwavyo dukani. Kumbikumbi, mathalan, husema kweli kwamba udongo umelowa leo. Hawasemi kwamba utalowa juma lijalo. Kosa la ile nyumba tuliyoitaja halikuwa kuwaamini kumbikumbi, bali kuwaamini kwa neno wasilolisema. Basi andikeni ishara pamoja na mvua, kisha baada ya miaka mitatu au minne someni, mkaone ni ipi isemayo kweli mara nyingi na ipi isemayo kweli mara moja moja tu.

Sasa tuseme jinsi ya kupima. Twaa kopo tupu, kama la maziwa ya unga, lenye kuta zilizonyooka, ambalo mdomo wake na kitako chake ni sawa kwa upana. Kopo lenye tumbo au shingo halifai. Liweke mahali peupe, mbali na nyumba na miti. Mti ukiwa na kimo cha mita 5, kopo likae mita 10 kutoka hapo. Lifunge katika kigingi lisiangushwe na mbuzi, mdomo wake ukiwa juu ya ardhi kadiri ya sentimita 30, ili matone yarukayo chini yasiingie. Kila siku saa tatu asubuhi, ingiza rula ya shule mpaka chini, usome ni milimita ngapi, uandike, kisha umwage maji. Ikiwa rula yako ina nafasi tupu kabla ya alama ya kwanza, ikate hiyo nafasi. Siku isiyo na mvua usiiache tupu, andika 0. Kwa maana baada ya mwaka, nafasi tupu haisemi kama mvua haikunyesha au kama mwandishi alilala. Hata Jumapili pima kabla ya kwenda kanisani; ni kazi ya dakika moja, wala haivunji pumziko la siku ya Bwana.

Mtoto wa miaka kumi aweza kuifanya kazi hii, nayo humfunza mambo mawili, hesabu na uaminifu. Maana hakuna amwonaye akiandika. Akiandika 12 ilhali maji yalikuwa 9, hakuna atakayemjua ila Mungu. Walakini daftari lote limeharibika.

Milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji juu ya kila mita moja ya mraba. Basi mvua ya milimita 25 juu ya ekari moja ni lita 100,000 na zaidi, yaani madebe 5,000 ya lita ishirini ishirini. Mama ajuaye uzito wa debe moja kichwani atapiga moyo konde na kumshukuru Mungu anyweshaye shamba pasipo kuchoka!

Walakini kuandika si mwisho wa kazi. Daftari litufae wakati wa kupanda. Nasi twatoa mashauri matatu.

Shauri la kwanza: usipande kwa mvua moja. Wataalamu wa kilimo husema mara nyingi kwamba mvua imeanza kweli ikiwa zimeanguka milimita 20 au zaidi kwa siku moja au mbili, na baada ya hapo jua halikuwaka siku nyingi mfululizo. Hilo la pili hatuwezi kulijua kabla halijatukia, ndipo udongo wenyewe utusaidie. Chimba kwa jembe kina cha shibiri moja. Udongo ukiwa umelowa mpaka huko, na ukiufinya mkononi hushikamana, shamba lina akiba ya kulea mche mpaka mvua ifuatayo. Ukikuta vumbi chini ya vidole vinne, ngoja.

Shauri la pili: usipande mbegu yote kwa siku moja. Hapa mtu atatuuliza, "Je, Mhubiri hakutuonya katika sura ya 11 kwamba mwenye kuukodolea macho upepo na mawingu atakosa kupanda na kuvuna?" Ametuonya kweli, na onyo hilo ni la haki. Maharage huchukua siku kama 90, na kwa juma la sita hivi hutoa maua. Mtu akichelewa sana, maua yatalikuta jua la Januari, naye atavuna maganda matupu. Kungoja kuna hasara yake kama haraka ilivyo na yake. Walakini soma aya mbili mbele katika sura iyo hiyo, utaona Mhubiri ashauri kupanda asubuhi na tena jioni, kwa kuwa mtu hajui ni kupi kutakakofanikiwa. Hilo ndilo shauri letu. Igawe mbegu mafungu matatu. Fungu moja lipandwe udongo ukiisha kulowa shibiri. La pili baada ya siku kumi hivi. Na la tatu libaki darini mpaka miche iwe imesimama. Ikiwa mvua ya kwanza ni ya kweli, umepoteza kidogo tu kwa kuchelewa. Ikiwa ni ya uongo, hutakwenda kukopa.

Shauri la tatu: sikieni utabiri, mkaulinganishe na daftari. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa masika na wa vuli kabla ya msimu kuanza, nao husomwa redioni. Wakisema mvua itakuwa chini ya wastani, hawasemi kwamba kila kijiji kitakosa. Wasema kwamba mizani imeelemea upande huo. Utabiri ni wa nchi pana, na mlima una miteremko mingi. Daftari lako ndilo likuonyeshalo jinsi kilima chako kinavyopata kuliko wengine au pungufu yao.

Na hasa vuli ndiyo itakayo uangalifu, maana hubadilika sana mwaka kwa mwaka kuliko masika. Yafuata hali ya bahari. Bahari ya Hindi ikipata joto upande wetu kuliko upande wa Indonesia, vuli huzidi. Ikiwa kinyume, hupungua. Wengi wetu twakumbuka vuli ya mwaka 1997, iliyoendelea mpaka 1998 ikabomoa barabara katika Afrika ya Mashariki yote. Na vuli ya 2019, iliyoleta mafuriko katika mkoa huu wa Tanga. Na tena vuli ya 2021, iliyochelewa na kuwa haba hata maji ya mgao yakatafutwa Dar es Salaam. Miaka miwili tu, na mbingu zilikuwa zimegeuka kabisa! Tena dunia yote imezidi joto kwa zaidi ya digrii 1 tangu karne ya 19, basi tarehe za kupanda tulizorithi kwa babu zetu zaweza zisitufae kama zilivyowafaa wao. Hatuwalaumu wazee, wao waliyatazama majira ya siku zao. Nasi tuyatazame ya siku zetu.

Twamalizia kwa neno moja la imani. Hapo kale watu wa Usambara walimwangalia mtawala wa Vuga kuwa mwenye mvua mkononi. Johann Ludwig Krapf alipofika Vuga mwaka 1848, alimkuta Kimweri ye Nyumbai akiheshimiwa sana. Na iliaminiwa kwamba nguvu ya mtawala huponya nchi, na ugomvi wa wenye nguvu huiharibu nchi na kuleta njaa. Katika neno hilo kulikuwa na kosa, maana mvua haimo mkononi mwa mtu. Lakini kulikuwa na kweli pia: ugomvi huiharibu nchi. Jua la siku ishirini laweza kukausha maharage. Halina uwezo wa kuwafukuza wajukuu wa mjane katika michezo. Hilo twalifanya sisi wenyewe.

Basi, ndugu, mvua ikikawia msimu huu, tuombe kanisani kama ilivyo desturi, kwa maana Yakobo katika waraka wake amtaja Eliya aliyeomba naye akasikiwa. Tukiisha kuomba, twende tukalitazame daftari. Na tukiisha kulitazama, twende kwa jirani tuone kama ana mbegu. Ikiwa fungu la tatu bado liko darini kwetu na kwake hakuna kitu, tumgawie pasipo kudai mawili kwa moja. Na mtu akitujia na maneno ya nani ameifunga mvua, tumfungulie daftari, asome mwenyewe.

Kopo na rula havina gharama kubwa. Tuanze kesho saa tatu asubuhi.